Sura ya Nne Iko Wapi?

Nyumba ile ilikuwa na meza moja tu ya maana, na kila mtu alikuwa na shughuli nayo. Asubuhi walinywa chai hapo. Mchana bibi alichambua maharage hapo. Jioni baba mwenye nyumba alimwaga hapo nyaya, swichi na bisibisi zake. Yeye ni fundi umeme, na kazi humfuata mpaka nyumbani. Kitinda, binti yao wa mwisho, alifanyia hapo hapo kazi zake za shule. Mwaka huu alizuka mtu mwingine wa kuigombania meza hiyo. Mtu huyo ni mama mwenye nyumba.

Mama huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameshika chaki tangu ujana wake, na sasa ana mvi za kutosha kuamkiwa na watu asiowajua. Mtaa mzima humwita Mwalimu. Mumewe humwita Mwalimu. Hata mama mkwe wake, ambaye angeweza kumwita vyovyote apendavyo, humwita Mwalimu.

“Fundi, toa nyaya zako hapa,” alimwambia mumewe jioni moja. “Nataka kusoma.”

“Umesomesha watu maisha yako yote. Bado tu unasoma?”

“Ndiyo maana nasoma. Nimetoa sana, debe linakaribia kuwa tupu.”

“Ahaa! Ndiyo maana kelele zimezidi. Debe tupu haliachi kuvuma,” alisema Fundi. Alisema huku akiinama, maana alijua kitambaa cha meza kitamfuata. Kweli kilimfuata.

Walicheka wote. Kisha Fundi akakusanya nyaya zake.

Mwalimu alikuwa ameanza masomo ya shahada ya pili katika chuo kikuu. Shahada hii huitwa shahada ya uzamili. Mtu huisoma baada ya kumaliza ile ya kwanza. Ya kwanza aliipata zamani, wakati mtoto wao mkubwa bado ananyonya. Masomo ya sasa yalikuwa siku za Jumamosi, ili watu walio kazini nao waweze kuhudhuria.

Kwa nini alirudi chuoni na umri ule? Wenzake shuleni walimuuliza hivyo hivyo. Mmoja alimwambia, “Utakapomaliza utakuwa umeshastaafu.” Mwalimu akamjibu, “Basi nitastaafu nikiwa nimesoma.”

Lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo likimkera darasani. Watoto wake walisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Ukiwauliza wamesoma nini, walitazama dari. Alitaka kujua kwa nini. Alitaka kujua kabla hajaiweka chaki chini.

Watu wa nyumbani walimuunga mkono, kila mmoja kwa namna yake. Kitinda alimpigia chapa kazi zake kwenye kompyuta, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alitafuta herufi moja moja kama anayeokota mchele uliomwagika. Fundi alimtangaza kwa kila mteja. Na bibi, mama yake Fundi, alimletea habari za mtaa ili asipitwe.

Bibi huyu alikuwa gazeti la mtaa. Lakini gazeti lake lilikuwa na adabu zake.

“Mwenye duka la dawa anahama,” alisema siku moja, vidole vikiwa ndani ya maharage. “Mimi sikuona. Kaniambia mke wa seremala, naye kaambiwa na mpangaji wake.”

“Bibi, mbona unataja watu wote hao?” Kitinda aliuliza. “Si useme tu kwamba anahama?”

“Niseme tu? Kesho ikiwa ni uongo, mtagonga mlango wangu. Mimi nawaonyesha mlango wa kugonga.”

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Kazi ya kwanza ya chuoni ilikuwa kuandika insha kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza kusoma. Mwalimu alifurahi. Hili alilijua. Aliazima kitabu kikubwa maktaba, akakisoma kwa bidii. Alikisoma jikoni. Alikisoma akisubiri basi. Alikisoma hadi kikaingia chote kichwani.

Hapa inafaa ujue kwamba Mwalimu alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alisomeshwa hivyo na walimu wake, naye akawasomesha wengine hivyo. Darasani alikuwa na msemo wake: “Nirudishie kama nilivyokupa.” Maana yake ni kwamba mwanafunzi aandike kwenye mtihani maneno yale yale ya ubaoni, mkato kwa mkato, nukta kwa nukta. Aliyeongeza neno alikosa. Aliyepunguza neno alikosa pia.

Basi alikifungia kitabu kabatini, akakaa mezani, akaanza kuandika. Kalamu ilikimbia. Kitinda alimtazama kwa mshangao.

“Mama, unaandika hivi hivi, bila kitabu?”

“Hivi hivi. Kitabu kimo humu,” alijibu Mwalimu, akajigusa paji la uso. Alijivuna kidogo, na alistahili. Si watu wengi wanaoweza kufanya vile.

Kitinda akapiga chapa. Kazi ikapelekwa.

Jumamosi moja, baada ya kipindi, mhadhiri alimwita ofisini kwake. Mhadhiri ni mwalimu wa chuo kikuu. Huyu alikuwa dada kijana, wa rika la mtoto mkubwa wa Mwalimu. Ofisi yake ilikuwa ndogo, na viti vilikuwa vimekaliwa na makaratasi. Aliyaondoa haraka ili mgeni wake akae.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwalimu wangu.”

Yule dada alishika kazi ya Mwalimu mkononi. Ilionekana hajui aanzie wapi.

“Nina swali moja dogo,” alisema mwishowe. “Sura ya nne iko wapi?”

“Sura ipi?”

“Hapa umeandika, ‘Kama tulivyoeleza katika sura ya nne.’ Lakini kazi yako haina sura, Mwalimu. Ni insha ya kurasa chache tu.”

Mwalimu alihisi masikio yake yanapata moto.

“Na hapa umeandika, ‘Tazama mchoro hapo chini.’ Nimetazama chini. Nimegeuza hata nyuma ya karatasi. Sikuona mchoro.”

Mwalimu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Sasa alielewa. Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri mno. Ilibeba kitabu chote, pamoja na sura zake na michoro yake.

“Umenakili kitabu,” mhadhiri alisema taratibu.

“Sikunakili! Haki ya Mungu, kitabu kilikuwa kabatini. Muulize binti yangu. Niliandika kutoka kichwani.”

“Nakuamini kabisa. Lakini maneno yaliyotoka kichwani mwako ni ya mtu mwingine. Na jina la mtu huyo hukuliandika popote. Msomaji atadhani ni yako. Hapa chuoni jambo hilo linaitwa wizi wa maandishi.”

Wizi! Mwalimu hajawahi kuchukua hata chaki ya shule kupeleka nyumbani. Neno lile lilimchoma kama msumari.

“Kanuni inanipa ruhusa ya kukurudishia kazi mara moja tu,” mhadhiri aliendelea. “Utaiandika upya, uilete baada ya Jumamosi mbili. Kosa likijirudia, jina lako litaondolewa kwenye masomo. Sitaweza kuzuia, hata nikitaka. Nenda maktaba, umwone mkutubi. Kazi yake mojawapo ni kufundisha mambo haya.”

Mwalimu alishukuru kwa adabu, akatoka. Hakwenda maktaba. Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Njiani alijiambia kwamba shule imemshinda. Mtu mzima na mvi zake kuitwa mwizi, tena na binti wa umri wa mwanawe! Kwa nini ajitafutie fedheha?

Alipofika alimkuta Fundi mlangoni na mteja mwenye pasi mbovu.

“Huyu ndiye yeye,” Fundi alimwambia mteja. “Mke wangu. Anasoma chuo kikuu, shahada ya pili. Si mchezo!”

Mteja akampa Mwalimu mkono wa pongezi. Mwalimu akaupokea mkono huo, akaingia ndani, akakaa mezani bila kuvua viatu. Fundi alipomuona vile, alimuaga mteja na kumfuata.

“Kuna nini?”

“Naacha chuo.”

Alimweleza yote, sura ya nne na mchoro wa hapo chini. Fundi alijitahidi asicheke, akashindwa. Mwalimu alimkazia macho, kisha yeye mwenyewe kicheko kikamponyoka. Lakini kilikatika mara.

“Unacheka, lakini wenzangu shuleni wakisikia nitaficha wapi uso wangu?”

“Ngoja, mke wangu. Kosa umeambiwa. Nafasi umepewa. Wahenga walisemaje? Kosa si kosa, kosa kurudia kosa.”

“Hapo ndipo penyewe! Sijui nilipaswa kufanyaje. Nitarudia kwa sababu sijui.”

“Mimi nikikuta waya nisioujua, siugusigusi hivi hivi. Naenda kwa fundi mwenzangu, namuuliza. Nisipouliza, utaitwa mjane.” Akamsogezea kikombe cha chai. “Umeambiwa uende kwa nani?”

“Kwa mkutubi.”

“Basi nenda. Ukitoka huko na bado hujaelewa, tutaacha wote. Hata mimi nimechoka kuhamisha nyaya.”

Mwalimu alicheka tena, na safari hii kicheko kilikaa.

Siku mbili tatu baadaye, kazi ya shule ilipomalizika, alikwenda maktaba. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Wanafunzi walikuwa wameinamia vitabu. Mkutubi ni mtu anayetunza vitabu na kuwasaidia wasomaji. Mkutubi huyu alikuwa mzee wa makamo, nadhifu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisema kwa sauti ya chini, kama watu wa kazi yake wanavyozoea.

Mwalimu alimweleza shida yake. Mkutubi hakushangaa.

“Wewe si wa kwanza, mama. Walimu wengi huja na kosa hili hili.”

“Kwa nini walimu?”

“Kwanza mna kumbukumbu nzuri. Pili mmezoea ubao. Mwalimu akiandika ubaoni, huwa anaandika kwamba haya yametoka kwa nani?”

Mwalimu akafikiri. “Hapana. Yakishafika ubaoni ni ya ubao.”

“Basi hapa kwetu hakuna ubao. Hapa kila neno lina mwenyewe.”

Alifungua kile kitabu kikubwa, akamwonyesha aya moja. “Soma hii, kisha uiandike kwa maneno yako.”

Mwalimu alisoma, akaandika. Penye “watoto” aliandika “wanafunzi”. Penye “muhimu” aliandika “lazima”. Penye “haraka” aliandika “upesi”. Akamkabidhi karatasi kwa matumaini.

Mkutubi alivaa miwani. “Mama, umebadilisha vifungo. Shati ni lile lile.”

“Kumbe!”

“Sentensi ni zake, mpangilio ni wake. Hii nayo inahesabiwa kunakili. Sasa tufanye hivi.” Akakifunga kitabu na kukiweka chini ya kiwiko chake. “Nihadithie alichosema. Jifanye umekutana na jirani sokoni, naye ana haraka.”

Mwalimu alitazama dari. Alipogundua kwamba anatazama dari kama wanafunzi wake, aliona haya, akaitazama meza.

“Anasema… anasema mtoto kusoma mbio si kuelewa. Macho yanaweza kutangulia, na akili ikabaki nyuma.”

“Vizuri. Hayo ya akili kubaki nyuma yamo kitabuni?”

Wakafungua, wakaangalia. Hayakuwamo.

“Ni yako,” mkutubi alisema. “Yaandike. Halafu hakikisha hujapotosha alichomaanisha. Kisha mtaje: jina lake, na mwaka ambao kitabu kilitoka. Mwisho wa kazi yako unaweka orodha ya vitabu vyote ulivyotumia. Orodha hiyo inaitwa marejeo. Msomaji akitaka kuhakikisha, anajua aende wapi.”

“Lakini maneno si yamekuwa yangu? Kwa nini bado nimtaje?”

“Maneno ni yako, fikra ni yake. Fikra nayo ina mwenyewe.”

“Na akiwa amesema vizuri sana, hata sioni la kubadilisha?”

“Basi mwachie maneno yake kama yalivyo. Yatie ndani ya alama za kunukuu, zile za kufungua na kufunga, uandike na ukurasa. Lakini iwe mara chache. Ukinukuu kila mstari, sisi tutasoma kitabu chenyewe, tutakuacha wewe.” Akatabasamu. “Kuazima si kosa, mama. Mimi kazi yangu ni kuazimisha. Kosa ni kuvaa shati la kuazima na kusema umelishona mwenyewe.”

Mwalimu alipiga paja.

“Jamani! Mama mkwe wangu hufanya hivi kila siku.” Akamsimulia habari ya mwenye duka la dawa, mke wa seremala, mpangaji wake, na mlango wa kugonga.

Mkutubi aliangua kicheko. Wanafunzi wote wakainua vichwa. Haijawahi kutokea mkutubi akapiga kelele maktaba. Aliziba mdomo kwa mkono.

“Mlango wa kugonga!” alinong’ona. “Naomba ruhusa niwaambie wanafunzi wangu.”

“Ruksa,” alisema Mwalimu. “Lakini umtaje.”

Wakacheka tena, sasa kimya kimya, mabega yakitikisika. Mkutubi alipofuta miwani yake, alimgeukia.

“Sasa, yeye mwandishi anasema hivyo. Wewe unasemaje?”

“Mimi? Mimi nimeandika kitabu gani?”

“Umekaa darasani miaka mingi. Watoto wako wanafanyaje?”

Mwalimu akasema, “Nina binti mmoja darasani. Anasoma haraka kuliko wote. Siku moja tulisoma hadithi ya mtu aliyefunga safari kwenda kumwona dada yake. Kipindi hakijaisha, nikawaambia wachore. Yule binti alichora mtu na kamba. Kamba imezungushwa kwenye furushi kubwa. Nikamuuliza, huyu anafanya nini? Akaniambia, ‘Anafunga safari, Mwalimu.’”

Mkutubi hakucheka. Aliinama mbele.

“Kumbe alisoma kila neno sawasawa,” Mwalimu aliendelea. “Hakukosea hata moja. Na safari yenyewe hakuiona. Tangu siku hiyo nawapa wachore mara kwa mara. Ndipo naona nani ameelewa na nani ametamka tu.”

“Hili umelisoma kitabu gani?”

“Halimo kitabu chochote. Nimeliona mwenyewe.”

“Basi mbona hukuliandika?”

Maisha yake yote Mwalimu alifikiri kusoma ni kupokea. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba na yeye ana kitu cha kutoa.

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Kuanzia kesho yake nyumba ilibadilika. Fundi alihamishia nyaya zake kwenye sanduku, tena akafunga taa nzuri juu ya meza, bila kuombwa. Kitinda alichukua zamu ya kupika. Chakula hakikuwa kitamu siku zote, lakini hakuna aliyethubutu kusema.

Na bibi akapewa kazi ambayo hakuitegemea. Kila Mwalimu alipomaliza kusoma aya, alifunga kitabu na kumhadithia bibi, huku bibi akichambua maharage.

“Anasema mtoto husoma vizuri zaidi akisoma peke yake, kimya,” Mwalimu alimwambia.

“Kasema nani?”

Mwalimu akataja jina la mwandishi, akaliandika.

“Huyo naye ana watoto?”

“Sijui, Mama. Kitabu hakisemi.”

“Mwambie hajui watoto. Mtoto akikaa kimya, ama amelala ama anavunja kitu.”

Mwalimu alicheka, lakini akafikiri. Watoto wa darasani kwake walielewa zaidi waliposoma wawili wawili na kubishana. Basi alimtaja mwandishi kwa jina, akaandika hivi: huyu anasema mtoto asome peke yake, lakini darasani kwangu nimeona tofauti. Kisha akaeleza alichokiona. Aliandika kwa woga kidogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubishana na kitabu.

Kazi ikawa ngumu kuliko ile ya mwanzo. Ile ya kwanza aliiandika kwa mkupuo mmoja. Hii aliiandika, akafuta, akaandika tena. Kitinda alilalamika kwamba funguo za kompyuta zitachakaa. Lakini mwishowe iliisha. Haikuwa na sura ya nne. Mchoro ulikuwamo, na ulikuwa chini kweli, pale pale uliposemwa. Ulikuwa wa yule binti, pamoja na kamba yake, na Mwalimu alikuwa amemwomba ruhusa yeye na mama yake.

Siku ya kupewa majibu, mhadhiri alimwita tena ofisini. Viti vilikuwa vimeshaondolewa makaratasi.

“Mwalimu,” alisema yule dada, “ile ya kwanza niliposoma, nilisikia kitabu. Hii nimekusikia wewe.”

Alama hazikuwa za kushangiliwa. Zilikuwa za kati. Kulikuwa na mahali pawili alipokosea kuandika mwaka wa kitabu, na mhadhiri alipazungushia kalamu. Lakini Mwalimu alikuwa amefaulu, na jina lake lilibaki kwenye masomo. Alifurahi hadi akasahau mwavuli wake ofisini.

Nyumbani Fundi aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

“Alama hizi ni ndogo kuliko nilizotangazia wateja,” alisema.

“Hizi ni zangu mwenyewe,” Mwalimu alijibu.

Darasani nako mambo yakabadilika. Mwalimu aliacha kudai arudishiwe alichotoa. Sasa alisema, “Funga kitabu. Niambie kwa maneno yako.”

Mara ya kwanza watoto walitazama dari. Kisha yule binti wa mchoro akanyoosha kidole.

“Mwalimu, maneno yangu ni yapi?”

Swali lile lilimpata Mwalimu moyoni. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

“Ni yale unayotumia ukienda kumweleza mwenzako aliyekuwa mgonjwa. Jana hakuja shule. Anataka kujua hadithi ilikuwaje. Utamwambiaje?”

Binti akaanza kueleza. Alikwama. Akarudi nyuma. Akauliza “kufunga safari” maana yake nini hasa. Mwalimu akamweleza kwamba ni kujiandaa na kuondoka kwenda mbali. “Kumbe!” alisema binti, kwa sauti ile ile ambayo Mwalimu aliitumia maktaba.

Darasa likawa na kelele zaidi. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani mara kadhaa kuona kama kuna mwalimu ndani. Watoto waliokuwa wakikwama bado walikwama, lakini sasa Mwalimu aliwajua ni akina nani na wamekwama wapi. Zamani asingejua. Polepole macho yakaanza kushuka kutoka darini.

Mwaka wa masomo ulipofika ukingoni, wanafunzi wa chuoni walitakiwa kueleza kazi zao mbele ya wenzao. Alisimama mwalimu mmoja kijana, anayefundisha darasa la kwanza. Alieleza jinsi anavyotumia michoro kupima kama watoto wameelewa walichosoma. Mwalimu alisikiliza huku akipanga karatasi zake, kwa sababu zamu yake ilikuwa inafuata.

“Njia hii umeipata wapi?” mhadhiri alimuuliza msemaji.

“Nimemtaja kwenye marejeo,” alijibu yule kijana. “Nilisoma maktaba nakala ya kazi yake aliyomwachia mkutubi, nikaijaribu njia hiyo kwa watoto wangu. Imenisaidia sana. Na mwenyewe yumo humu ndani.”

Watu wakageuka kutazamana. Yule kijana akashuka, akamletea Mwalimu karatasi ya mwisho ya kazi yake.

Ilikuwa orodha ya majina, kwa mpangilio wa alfabeti. Kulikuwa na mwandishi wa kile kitabu kikubwa. Kulikuwa na wengine ambao Mwalimu alikuwa amebeba vitabu vyao kwenye basi mwaka mzima, akiwaogopa. Katikati yao palikuwa na jina lake. Lilikuwa kamili, jina lake na la baba yake, na mwaka, na kichwa cha insha yake.

Aliweka kidole chini ya jina hilo, akalisoma herufi kwa herufi kama mtoto anayeanza kusoma. Machozi yakamtoka, naye hakuyazuia, kwa sababu yalikuwa ya furaha.

Yule kijana akaingiwa na hofu. Akainama karibu naye.

“Vipi, Mwalimu? Nimelikosea jina?”

“Hapana,” alisema Mwalimu. “Umelipatia.”